Mguu wa Ngoy

Moba, tarehe 4 Juni 2024

Hénock, mwana wa kaka yangu,

Kama umekaa, simama kwanza. Anayekuandikia ni shangazi yako Domitille, baba yako mwanamke, na baba hasomwi mtu akiwa amelala kitandani na viatu.

Sisi huku ni wazima. Magoti yangu yananisumbua asubuhi lakini yananifikisha kwenye misa. Mihogo imeshika vizuri. Dada yako Agnès amejifungua msichana na wamempa jina langu, maskini mtoto. Habari ya simu usiniambie tena. Mtandao unapatikana juu ya kilima tu, na mimi siwezi kupanda kule nikapige kelele za mambo ya nyumbani mbele ya wachunga mbuzi. Nilifundisha watoto kuandika miaka yote ile, nao waniandikie.

Asante kwa mabati. Tshilombo aliyashusha kwenye lori lake wiki ya Pasaka. Nilipomuuliza ni nani aliyeyatuma alicheka tu, akaomba chakula. Nilijua ni wewe. Sasa mvua ikinyesha nalala kama mke wa gavana, na majirani wamekasirika, jambo ambalo limenifurahisha sana.

Sasa neno lenyewe. Huu ni mwaka wa tatu tangu mwanangu Ngoy apotee huko kwenu. Mlikwenda Kolwezi pamoja, mkachimba pamoja Kasulo, halafu nikaambiwa baki, ile pantoni ya kuvushia watu na mizigo, imezama katika ziwa la Nzilo na wachimbaji waliokuwa ndani yake, na Ngoy hakuonekana tena. Basi. Hakuna aliyeniletea hata shati.

Wazee wa ukoo wamekuja tena kunibana. Wanataka tuzike mgomba. Wewe ulizaliwa huku, unajua: maiti isipopatikana tunakata mgomba wa urefu wa mtu, tunauosha, tunauvisha nguo zake, tunauzika, na kilio kinakwisha. Lakini unajua pia upande wa pili. Aliyezikwa hivyo akirudi, kwa watu wetu ni mzuka. Hapewi kiti, hapewi hata maji ya kunywa. Je, nikimzika na kesho akapiga hodi?

Nimewafukuza wazee. Lakini nimechoka, Hénock. Tshilombo anasema siku hizi kazi yako ni kuingia ndani ya ziwa hilohilo na kupumua humo. Kama ni kweli, nenda ukamtazame mwanangu. Kama yumo, nipe mfupa mmoja nimzike kikristo. Kama hayumo, niambie nisubiri. Sikuombi kitu kingine maishani.

Ni mimi,
Domitille Ndaya

*

Nzilo, tarehe 2 Julai 2024

Shangazi,

Nimesimama, na viatu nimevua. Salamu zako zimefika pamoja na harufu ya samaki wa Tshilombo. Mimi ni mzima. Baridi ya Julai inauma, maji ya ziwa asubuhi yanakata masikio. Nimefurahi kwa mtoto wa Agnès. Nitamtumia kitambaa, na nitamwombea asirithi ulimi wa jina lake.

Tshilombo hakudanganya. Niliacha mashimo ya Kasulo baada ya ukuta kumwangukia rafiki yangu, tukamtoa vipande. Sasa nafanya kazi kwa Dimitri, karibu na bwawa. Ni mzungu lakini ni wa hapa. Babu yake alitoka Ugiriki kuuza vitambaa, na yeye anatukana kwa Kiswahili kuliko waendesha pikipiki wa mtaa wa Dilala. Anawafundisha watu kuzama na chupa za hewa mgongoni. Wanakuja wahandisi wa migodi, makarani wa benki, wake zao. Tunawavika miwani ya maji, mapezi ya mpira miguuni na mkanda wa vyuma vizito kiunoni, kisha tunashuka nao polepole tukishika kamba. Sheria ni chache: minya pua upulize ili masikio yasikuume, usizuie pumzi hata ukiogopa, na ukipanda usiyapite mapovu yako mwenyewe.

Na tunakowapeleka, Shangazi, ni kwenye hiyo baki. Imelala kwa tumbo juu ya mchanga, mita saba tu chini. Wakati huu wa kiangazi, ukiwa juu unaona kivuli chake. Dimitri anasema hakuna chombo kilichozama kinachofaa wanaoanza kama hiki: hakuna mkondo, hakuna kina, samaki wanaingia na kutoka kwenye chumba cha nahodha, na kila mtu anataka kupigwa picha akishika usukani. Nami ninawashikia usukani na kuwapiga picha. Kila siku nasimama juu ya sitaha ile nikimfikiria Ngoy, yaya wangu, kaka yangu mkubwa, na bado nachekesha wageni. Ndiyo kazi.

Upande wa mbele wa baki kuna mlango wa chuma sakafuni, wa kushukia tumboni. Umefungwa kwa mnyororo na kufuli, kwa nje. Nilimuuliza Dimitri akanijibu, “Kule haiko kwa banafunzi, hata kwa weye. Mulango ya kufungwa, iache ya kufungwa.” Aliukuta hivyo alipoinunua kambi hii ya kuzamia, na hataki kujua zaidi.

Jumamosi walinzi wa mgodi ulio ng'ambo walimkamata mchimbaji mmoja ufukweni na mfuko wake wa mawe. Walimpiga kwa mpini wa sepetu mpaka sikio likaning'inia, mbele ya wageni waliokuwa wanakula samaki. Nilimrukia mlinzi mmoja nikamvunja pua. Wengine walinilaza chini wakanikanyaga mbavu. Dimitri aliwaomba waniache. Kwa hiyo wiki hii sizami, kwa sababu kupumua kunaniuma.

Nikipona nitaukata mnyororo. Nimekwisha kuazima mkasi wa vyuma.

Mwanao,
Hénock Mwenze

*

Moba, tarehe 28 Julai 2024

Hénock,

Wewe na ngumi zako. Kaka yangu alikuwa hivyohivyo, ndiyo maana alikufa bila meno. Funga mbavu kwa kitambaa kipana na uache bia.

Mtoto wa Agnès ameugua tumbo, amepona. Kuhusu mabati hukusema hata neno. Mtu akishukuriwa hujibu. Au umekuwa mkubwa?

Nimeusoma huo mlango wako mara nyingi mpaka karatasi imelegea. Kufuli kwa nje. Mtu hajifungii kwa nje, hata mimi mwanamke wa kijijini najua hilo. Sitaki kufikiri, nataka ufungue.

Utamtambua hivi. Mguu wake wa kushoto, chini ya goti. Alianguka kutoka kwenye mchikichi wa padri akiwa darasa la tatu, na yule mzee aliyemwunga mfupa alikuwa amelewa. Uliunga kwa kupinda. Unakumbuka alivyokuwa akitembea, anauburuta kidogo kisha anautupa nje? Mlimcheka nyote, na mimi niliwachapa nyote. Mfupa ule umepinda, una nundu kubwa katikati. Hakuna mwingine kama huo Kolwezi nzima.

Ukiupata, uuoshe wewe kwa mikono yako. Mtu mwingine asiuguse.

Domitille

*

Nzilo, tarehe 3 Septemba 2024

Shangazi mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta salama, na Agnès, na mtoto, na mbuzi. Hapa joto limeanza. Maji yamepungua kidogo kwa sababu ya kiangazi na samaki wamekuwa wengi karibu na ufukwe. Kuna aina moja nyeusi yenye ndevu inayokaa chini ya mawe. Dimitri anasema ni tamu ikikaangwa na nyanya, mimi sijaipenda. Wageni wamepungua. Miti imeanza kutoa majani mapya mekundu, milima inapendeza. Siku hizi nalala Kasulo kwa mama mmoja anayeitwa Louise, mkristo mzuri, anapika sombe, majani ya muhogo, kama yako.

Nimefungua. Yaya Ngoy hayumo.

Usizike mgomba bado. Usiniulize zaidi, nakuomba. Mwandiko wangu mbaya ni kwa sababu ya kalamu.

Hénock

*

Moba, tarehe 29 Septemba 2024

Hénock,

Sitakusalimu.

Ukurasa mzima wa samaki wenye ndevu! Nilikufundisha kusoma kwenye goti langu, na wewe unadhani siwezi kusoma usichokiandika? Umesema Ngoy hayumo. Hukusema nani yumo. Umesema nisizike bado, lakini hukusema nisubiri, ingawa ndilo neno nililokuomba. Mtu mwenye habari njema haniiti “mpenzi”.

Na kalamu yako usiisingizie. Nilimbana Tshilombo kwa pombe mpaka akasema. Mkono wako wa kulia umefungwa kwa mbao na vidole havifungi. Umeandika kwa kushoto. Ni nani aliyekuvunja mkono? Nilipomuuliza hilo alilia, dereva mzima na kitambi chake, akasema, “Mama Domitille, mi ninabeba tu bitu. Bale bananipa, ninabeba. Usiniulize mabati.” Mimi sikuwa nimemuuliza mabati.

Niambie yote. Niliandaa maiti ya mume wangu peke yangu, na ya kaka yangu. Kitu kinachoniua ni kukaa hapa chini ya paa linalong'aa nikihisi harufu nisiyoijua.

Kama hutaniambia nitapanda lori nije mwenyewe.

Domitille Ndaya

*

Kasulo, tarehe 25 Oktoba 2024

Shangazi,

Usije. Nakuandikia yote, na Mungu anisamehe.

Nilikata mnyororo asubuhi moja isiyo na wageni. Mlango ulikuwa mzito, niliuinua kwa mgongo. Matope yalitoka kama moshi, nikasubiri yatue, kisha nikaingia na tochi. Wamo, Shangazi. Wamejazana wote chini ya ngazi, mmoja juu ya mwingine, mifupa na mashati na buti za mpira. Hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye pembe nyingine ya chumba. Walikuwa wanagombea mlango. Upande wa ndani chuma kimekwaruzwa na sepetu. Na kwenye sitaha, nilipotazama vizuri, yale matundu ambayo wageni waliyaita ya kutu ni matundu ya risasi. Walipigwa kutoka juu.

Nilizuia pumzi. Mimi ninayewakataza wengine. Nilipanda kwa hofu na damu ikanitoka puani.

Nilishuka tena siku zilizofuata nikatafuta miguu. Niliishika yote ya kushoto, mmoja mmoja, kwa ajili yako. Yote ilikuwa imenyooka.

Nilimwambia Dimitri palepale gatini. Naye akafanya kosa ambalo mtu yeyote wa hapa angefanya: alipiga simu kwa ulinzi wa mgodi wa ng'ambo, kwa sababu polisi wako mbali na hao ndio wenye boti na bunduki. Kwa akili yake alikuwa anaita serikali. Walikuja haraka. Mkubwa wao walimwita Chef Mikombo. Alikuwa amevaa kofia ya kufunika uso, macho tu yanaonekana. Alishuka kwenye boti, akatembea juu ya mbao za gati kunijia. Akauburuta mguu wa kushoto kidogo, kisha akautupa nje.

Nilisema, “Yaya Ngoy.”

Alisimama. Watu wake walinishika. Akaniuliza polepole, “Unaniita nani?” Nikarudia. Hapo akaweka mkono wangu juu ya ubao, akainua chupa ya hewa, ile ya chuma, akaishusha. Nilisikia vidole kabla ya kuhisi maumivu. Akaishusha tena. Kisha akainama mpaka kofia ikanigusa sikio, akasema maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema:

“Ngoy alikufa mu mayi, unasikia? Tulibakamata na mawe yao, tukabatia mu tumbo ya baki. Balikuwa banapiga mulango kama banyama, nikaambiwa nifunge. Bakubwa balipiga masasi chini, baki ikaanza kunywa mayi. Sisi tukaruka mu boti. Funguo ilikuwa ku mufuko yangu. Ungefanya nini weye? Mama iko na mabati. Nani njo ananunua mabati, weye?”

Kumbe alipoacha kuchimba nasi Kasulo, akisema anakwenda kutafuta mawe ng'ambo, alikwenda kuvaa kofia ya walinzi. Na mimi, Shangazi, sikutuma mabati. Sikuwa na uwezo, na uliponishukuru niliona haya kukukatalia.

Walinisukuma majini na mkono ule, mkanda wa vyuma ukiwa bado kiunoni. Dimitri aliruka akanitoa, na boti yao ilikuwa imekwisha ondoka.

Basi nilikwenda Kasulo. Mama Louise ndiye niliyemtafuta. Wanawe wawili walikuwa ndani ya baki ile. Wiki ileile baki ilipozama, kijana mmoja aliyejitupa majini kabla mlango haujafungwa alifika kwake, akafa kwa homa ya kidonda cha risasi, lakini alikwisha sema: aliyeweka kufuli ni Mikombo. Uso wake hakuna anayeujua. Akina mama waliposikia nimefungua, walikuja Nzilo na vitenge vyao. Dimitri alizama, mimi nikimwelekeza kutoka juu, akawapandisha wote. Tuliwalaza ufukweni. Louise aliwatambua wake kwa mikanda aliyowashonea. Hakulia. Aliwafunga kila mmoja kwenye kitenge chake, akawabeba mwenyewe.

Baada ya mazishi Kasulo iliwaka. Waliteketeza kibanda cha ulinzi. Kisha wakamkamata mlinzi mmoja Dilala akinunua mkate, wakapaza sauti kwamba ndiye Mikombo, wakamvisha tairi. Nilifika mbio nikipiga kelele kwamba siye, huyu anatembea vizuri, mtazameni miguu! Alikuwa tayari anawaka. Alikimbia akiwaka mpaka kwenye mfereji. Mkewe alikuwepo na mtoto mgongoni.

Sasa wote wanajua kwamba mimi namjua. Louise haniulizi, ananipikia na kunitazama. Vijana wananiuliza kila siku: “Jina yake ni nani? Kwao ni wapi?” Nikisema, watamchoma, na huenda waje mpaka kwako. Nisiposema, watamchoma mwingine. Nimemchukia, Shangazi, nikiona vidole vyangu namtaka afe. Lakini ni mwanao, wa pekee. Siwezi kulitoa jina hilo mdomoni bila wewe.

Ukisema ninyamaze, nitanyamaza. Nijibu upesi.

Hénock

*

Moba, tarehe 8 Desemba 2024

Hénock, mwanangu,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa na kilio nyumbani.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama. Nilipoimaliza nilitoka nje nikatazama juu. Yale mabati yalikuwa yanang'aa. Nilimwita mume wa Agnès na ngazi. Akasema, “Mama, mvua iko karibu.” Nikamwambia ateremshe yote, na alipokawia nilipanda mwenyewe na magoti haya, nikayang'oa kwa jembe. Majirani walidhani nimerukwa na akili. Nimeyatupa katika ziwa letu la huku, kwenye kina.

Kesho yake niliwaita wazee. Niliwaambia wakakate mgomba. Walifurahi, maskini, walidhani wamenishinda. Nilipima urefu kwa mkono wangu. Niliuosha. Niliuvisha shati lake la kwaya, na suruali ambayo nilikuwa nimeipunguza mguu wa kushoto ili asijikwae. Hapo nililia, Hénock. Nililia kwa sauti ambayo sikuitoa kwa baba yake, nikagaagaa, wakanishika wanawake wanne. Nilimlilia mtoto aliyeanguka kutoka kwenye mchikichi. Tukamzika mbele ya nyumba na msalaba wenye jina lake. Hakuna niliyemwambia kwamba anatembea.

Mvua ilianza jioni ileile. Nilikaa humo ndani chini ya turubai.

Halafu alikuja. Baada ya moto wa Kasulo alikimbia, akajificha Pweto, kisha akatafuta mahali ambapo mtu hukimbilia, kwa mama yake. Ilikuwa mchana, mvua inanyesha. Nilimwona tangu kule kwenye kanisa: anauburuta, anautupa nje. Hakuwa na kofia ya kufunika uso. Amenenepa. Alifika uani, akaona nyumba haina paa, kisha akauona msalaba. Alisoma jina lake mdomo ukitembea, kama nilivyomfundisha.

Akasema, “Mama, ni miye.”

Nikasema, “Miye nani? Mutoto yangu iko pale chini.”

“Mama, mi siko muzuka. Gusa mukono. Minaomba mayi ya kunywa.”

Mkono wangu ulikwenda kwenye kikombe wenyewe. Nakwambia ukweli kwa sababu ulinipa wako: kilikuwa kimekwisha fika kwenye mtungi. Nikafikiria sepetu zinazokwaruza chuma. Nikakirudisha. Alikunywa mvua, kwa viganja.

Jirani alimwona, akapiga ukelele. Mzuka! Walewale waliomlilia walitoka na mawe. La kwanza lilimpata begani, la pili jichoni, na jicho hilo halitaona tena. Alianguka juu ya kaburi lake akaita mama, mama. Wanaume walikuwa na mapanga. Ningekaa kimya tu, na kila kitu kingekwisha, na nisingekuwa nimemgusa. Nilitaka kukaa kimya. Niliwaza vidole vyako.

Nilijitupa juu yake. Jiwe moja lilinipata kichwani, usijali, nimeshonwa. Nikapiga kelele: “Acheni! Muzuka haitoke damu! Huyu ni mutu, na iko na deni ya damu ku Kolwezi!” Nikawaambia yote palepale kwenye mvua, baki, kufuli, mfuko wenye ufunguo. Yeye alisikiliza na uso kwenye udongo. Nilipomaliza hakuna aliyeinua jiwe. Waliondoka mmoja mmoja, na mzee wa ukoo alitema mate.

Nimemfunga mimi, kwa kamba ya mbuzi. Hakukataa. Amelala stoo ya parokia na padri anamfunga jicho. Jana tu aliniuliza kama Hénock anaweza kushika kijiko. Sikumjibu, lakini wewe nijibu.

Barua hii inatangulia na Tshilombo, ambaye nimemwapisha mbele ya altare kwamba ataifikisha mkononi mwako. Sisi tutafuata na lori lingine, mimi, yeye na polisi mmoja ambaye komanda wa hapa amenipa. Usiwape vijana jina. Jina linakuja lenyewe, na mguu wake. Tukifika atapita kwanza mbele ya akina mama wa Kasulo. Atasimama bila kofia na kusema kwa mdomo wake alichokifunga na aliyemwamuru afunge. Kutoka hapo atakwenda kwa jaji. Mwenye tairi akija, mwambie atanivisha mimi kwanza. Yule mlinzi wa mkate na mtoto wa mgongoni wanatosha.

Nitafutie mahali pa kulala pasipo na bati jipya. Na ukamtafute Louise, umwambie kwa heshima, si kwa haraka kama kawaida yako: mimi ni mama kama yeye, na wangu nimekwisha kumzika. Huyu ninayemleta ni wake.

Domitille Ndaya